Seva ikiganda msimu wa korosho, usikimbilie kuchomoa waya

Sisi mafundi wa kompyuta huku Kusini tuna mazoea ya kuipima kila taarifa ya usalama kwa swali moja: je, mtu anaweza kuiba data? Jibu likiwa hapana, tunaiweka kiporo. Naomba tuyaache mazoea hayo, hasa taarifa inapohusu kufuli za kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo endeshi wa seva zetu. Udhaifu wa aina hii hauibi nywila wala haufuti faili. Unaigandisha mashine nzima. Na seva ya ghala ikiganda siku ya mnada, mkulima aliyeleta magunia yake kutoka Tandahimba hasaidiki kwa kuambiwa data yake iko salama.

Kerneli hufanya kazi nyingi kwa wakati mmoja, kwa hiyo kila kitu kinachotumiwa na wengi hulindwa kwa kufuli: anayeishika anatumia, wengine wanasubiri. Chukulia makarani wawili ghalani. Mmoja kashika mzani, anasubiri kitabu cha stakabadhi. Mwenzake kashika kitabu, na hakiachii mpaka apate mzani. Hakuna mwizi wala kilichovunjika, lakini foleni haisogei mpaka kesho. Ndivyo unavyokuwa mkwamo wa kufuli: kazi moja ina kufuli ya kwanza inataka ya pili, nyingine ina ya pili inataka ya kwanza.

Upo na mkwamo wa kazi moja kujifungia yenyewe. Prosesa inashika kufuli, na kabla haijaiachia, linaingia katizo (ishara ya kifaa inayotaka kuhudumiwa papo hapo) kutoka kadi ya mtandao, kwenye prosesa ileile, likiitaka kufuli ileile. Katizo haliwezi kukaa kando likasubiri. Linazunguka hapohapo, na kazi iliyokatizwa haipati nafasi ya kurudi kuiachia kufuli. Tiba yake mara nyingi ni mistari michache tu ya msimbo: kuzuia makatizo kabla ya kushika kufuli, au kupanga kufuli zishikwe kwa mfuatano uleule kila mahali. Wajenzi wa kerneli wana chombo cha kuunusa mkwamo kabla haujatokea, kiitwacho lockdep, kazi ya Ingo Molnár iliyoingia kwenye Linux mwaka 2006. Kinafuatilia mfuatano wa kufuli na kupiga kelele ukipindishwa. Ila kinaipunguza kasi mashine, ndiyo maana kerneli tunazofunga kwenye seva zetu huwa nacho kimezimwa.

Tangu Februari 2024 timu ya kerneli yenyewe ndiyo inayotoa namba za CVE (namba za kutambulisha udhaifu wa usalama) kwa kerneli, na zimekuwa nyingi mno. Naelewa kwa nini watu wamechoka kuzisoma. Mkwamo unaoweza kusababishwa na mtumiaji wa kawaida aliyeingia kwenye mashine, bila kugusa siri yoyote, kwa kawaida hupewa alama 5.5 kati ya 10, yaani hatari ya wastani. Alama hiyo haijui kwamba ghala lako lina seva moja tu. Ukikutana na neno deadlock, yaani mkwamo, kwenye taarifa, angalia mambo mawili: je, sehemu hiyo ya kerneli imepakiwa kwenye mashine yako (amri ya lsmod itakuonyesha ikiwa ni moduli, ila iliyojengwa ndani ya kerneli haionekani humo), na je, mtu asiye na mamlaka ya juu anaweza kuifikia? Ikiwa yote ni ndiyo, na seva ina akaunti za watu kadhaa, kwangu hiyo ni kazi ya wiki hii.

Nikupe mfano. Msimu mmoja niliitwa kusaidia kwenye ghala moja wilayani Masasi. Mhasibu alinipigia: "Mwanangu, mashine imekufa, naizima." Nikamwambia, "Shikamoo mama. Naomba usiizime kwanza, nakuja." Nilipofika, seva ilikuwa inajibu ping (jaribio la kuiita kupitia mtandao) vizuri kabisa, lakini kila jaribio jipya la kuingia lilikwama. Bahati nzuri dirisha moja la amri lilikuwa wazi. Prosesa ilikuwa karibu haina kazi, huku wastani wa mzigo ukizidi kupanda. Orodha ya kazi inayotolewa na amri ya ps ilijaa herufi D, yaani kazi zilizolala zikisubiri kitu ndani ya kerneli. Hizo hata amri ya kuua kazi kwa nguvu, kill -9, haiziondoi. Na dmesg, kumbukumbu ya ujumbe wa kerneli, ilikuwa imeshaandika kwamba kuna kazi zimezuiwa kwa zaidi ya sekunde 120.

Hapo ndipo wengi huchomoa waya na kuupoteza ushahidi wote. Kama una mamlaka ya root, yaani ya msimamizi mkuu wa mashine, andika kwanza echo w > /proc/sysrq-trigger. Kerneli itamwaga orodha ya kazi zilizokwama, kila moja na njia iliyopita hadi pale iliposimama. Dmesg ikionyesha orodha hiyo, ipige picha kwa simu, kwa sababu diski yenyewe inaweza kuwa ndiyo iliyokwama na usiweze kuhifadhi chochote. Kisha ndipo uwashe upya. Kule Masasi, picha za namna hiyo zilituonyesha kazi mbili zinazosubiriana kwenye mfumo wa faili. Tulipolinganisha na maelezo ya marekebisho, tiba ilikuwa tayari imo kwenye kerneli iliyokwisha pakuliwa. Ilikuwa imekaa tu kwenye diski, kwa vile hakuna aliyewasha upya mashine tangu ipakuliwe. Amri ya uname -r ndiyo inayokuambia kerneli gani inatembea kweli, si orodha ya vifurushi.

Kwa seva iliyo mbali na fundi, napendelea kwenye mipangilio ya kerneli kuweka kernel.hung_task_panic kuwa 1 na kernel.panic kuwa 10, ili kazi ikikwama kupita muda, mashine ijiwashe yenyewe baada ya sekunde 10. Lakini usiweke hivyo kiholela. Diski ya nje ya USB inayoandika nakala rudufu kwa kujikongoja nayo inaweza kuvuka sekunde 120, na seva ikajizima katikati ya kunakili bila mkwamo wowote. Pandisha kwanza muda huo hadi sekunde 300 au zaidi, utazame wiki chache ndipo uamue.

Yote haya yafanyike kabla ya Oktoba, minada haijapamba moto. Pakua usiku, mtandao unapokuwa mwepesi, na uwashe upya mchana wakati kuna mtu ghalani. Usiifute kerneli ya zamani, na umwonyeshe karani jinsi ya kuichagua kwenye orodha ya kuwashia, maana mpya ikigoma kuwaka, yeye ndiye atakayekuwa mbele ya skrini na wewe uko Mtwara mjini.