Unapombeba mtu unayemjua

Maelekezo mengi ya kumsaidia mhudumu wa ambulensi kustahimili machungu ya kazi yake yameandikwa na watu wa miji mikubwa. Humo mgonjwa hana jina. Unampakia, unamfikisha, unamkabidhi, hamwonani tena. Lamu si hivyo. Unayemtoa majini ni mtoto wa yule anayekuuzia samaki, na mama anayevuja damu baada ya kujifungua ni binti wa ustadhi aliyekusomesha chuoni. Kesho utakutana nao, maana vichochoro vya mji wetu ni vyembamba na hakuna pa kukwepana. Nilianza kazi hii ujanani, kwanza Malindi kisha hapa kwetu, na vijana wanaoingia sasa huniuliza nimewezaje kudumu. Haya ndiyo ninayowaambia.

Mgonjwa wa Faza au Kizingitini, kisiwani Pate, huja kwa boti hadi hospitali ya King Fahd mjini Lamu. Hali ikiwa mbaya zaidi, anavushwa tena hadi Mokowe, upande wa bara, anaingizwa garini, na safari inaanza kupitia Witu na Garsen kwenda Malindi au Mombasa. Hadi Mombasa ni zaidi ya kilomita 300, na barabara hiyo imewahi kushambuliwa mara nyingi, kwa hivyo huondoki tu saa unayotaka. Katikati ya mwaka, kusi ikikaza, hata mkono wa bahari unaouvuka kila siku hugeuka mwingine. Mhudumu wa Nairobi anaweza kukaa na mgonjwa nusu saa. Sisi tunakaa naye saa nyingi. Anakutajia majina ya watoto wake, anakuuliza kama mmefika Garsen. Akifariki baada ya hapo, umefiwa na mtu mliyezungumza njia nzima.

Matukio makubwa yapo. Mpeketoni mwaka 2014, ambako zaidi ya watu 60 waliuawa. Shakahola mwaka 2023, ambako wafuasi wa dhehebu moja walifunga hadi kufa, miili zaidi ya 400 ikafukuliwa na wenzetu wa Malindi wakawabeba walionusurika wakiwa mifupa mitupu. Nyakati kama hizo washauri nasaha huletwa na watu hutukumbuka kwa dua. Lakini wengi niliowaona wakivunjika hawakuvunjwa na siku hizo. Walivunjwa na siku ya kawaida: mtoto aliyetumbukia kisimani, mzee aliyeanguka msikitini. Juu ya mengine yote yaliyotangulia, hilo moja likazidi. Watu hutuambia, "Nyinyi mshazoea." Hakuna aliyezoea. Tunachozoea ni vifaa na utaratibu; mikono inajua la kufanya hata moyo ukiwa umejaa. Ndiyo maana siku mhudumu hodari anapoacha kuja kazini, kila mtu hushangaa.

Kuna jambo sijaliona likifundishwa mahali popote, nalo ni swali la wafiwa. Siku ya msiba haliulizwi. Huja baada ya arubaini, sokoni au arusini. Mama anakushika mkono, anakuvuta pembeni: "Mwanangu, wewe ndiwe uliyekuwa naye. Alisema nini?"

Nawajua wahudumu wanaozunguka mtaa mzima ili wasipite mlango mmoja. Nawaelewa, lakini kila unapozunguka, mlango ule unazidi kutisha. Ushauri wangu ni kwamba ulisubiri swali hilo na uwe tayari kulijibu. Na usitunge. Usimwambie alitamka shahada kama hukuisikia, hata ukiona itamfariji, kwa sababu uongo huo utaubeba wewe kila mkikutana, na nahodha naye alikuwepo. Mwambie ulichokiona. Kuna mama aliyefiwa na binti yake, nikamjibu hivi: "Hakusema mengi, alikuwa kama mwenye usingizi. Nilimshika mkono tangu tulipoondoka. Upepo ulikuwa baridi, nikamfunika kwa leso yake." Akaniuliza leso gani. Nikamwambia nyekundu, yenye korosho nyeupe pembeni. Akanyamaza, kisha akasema ndiyo aliyomnunulia yeye, Mombasa, kabla ya mtoto kuzaliwa. Tukalia pale pale barazani, yeye na mimi.

Kwa muda mrefu kabla ya siku ile, nikifunga macho nilikuwa naona damu kwenye sakafu ya boti peke yake. Baada ya mazungumzo yale nilianza kuiona na leso, na ule mkono. Picha haikufutika, ila haikuwa tena na kitu kimoja tu ndani yake. Kwa hiyo usidhani unapomjibu mfiwa unamsaidia yeye pekee.

Familia wana haki ya kujua habari za mtu wao. Majirani hawana. Ukiulizwa barazani jana mlimpeleka nani, sema ulikuwa kazini na umerudi salama, alhamdulillahi, kisha uliza habari za watoto. Ukianza kusimulia, utaulizwa tena na tena, na kila kusimulia kwa mtu asiyehusika kunakurudisha kwenye boti bila faida. Mazishi na hitima za wale ninaowajua huwa naenda. Naenda kama jirani, bila sare, nakaa na wanawake wenzangu, nasoma, narudi nyumbani. Si lazima uende zote.

Sasa saa zile za mwanzo baada ya safari mbaya. Nahodha ninayefanya naye kazi ni mzee wa Matondoni, na hakubali yeyote aondoke kabla boti haijaoshwa. Yeye anateka maji ya bahari kwa ndoo, mimi nasugua sakafu kwa brashi. Kisha tunavikagua vifaa kimoja kimoja: mtungi wa oksijeni, barakoa, mashine ya kunyonya makohozi, machela na mikanda yake. Kilichotumika kinawekwa kando, kijazwe kesho. Halafu anamimina kahawa kutoka chupa yake na kuniambia kwa Kiamu chake, "Keti nti kavu kwanza." Hatusemi mengi. Kinachonisaidia ni kwamba safari imekwisha mbele ya macho yangu, na kilichobaki cha kufanya kimefanywa. Nguo za kazi nazivua kazini na kuzifulia huko. Nyumbani mume wangu huwa amefukiza udi, na harufu ile ndiyo inayouambia mwili wangu kwamba petroli na chumvi vimebaki gatini.

Usikubali kulazimishwa siku hiyo hiyo kuketi kwenye duara na kueleza kila ulichokiona. Wengi huandaa vikao hivyo kwa nia njema, lakini mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2013 unasema havikingi maradhi ya kiwewe na unashauri visitumike kwa lengo hilo. Anayetaka kusema asikilizwe. Asiyetaka apewe chakula, maji na mtu wa kukaa naye. Mwongozo huo huo unakataza kumpa mtu diazepamu na dawa za jamii yake ili kutuliza kiwewe kichanga. Nalitaja kwa sababu sisi tuko karibu na kabati la dawa, na mkono ni mwepesi. Na muguka. Ninajua unatafunwa ili zamu ya usiku ipite, lakini asubuhi, saa ambayo usingizi ungekutengeneza, ndiyo saa ambayo macho yanakataa kufumba. Mtu asiyelala hapati nafuu ya jambo lolote. Nikitoka zamu ya usiku nafunga madirisha, nazima simu, na watoto wanajua mama hagongewi mlango hadi adhuhuri.

Wiki za mwanzo ni kawaida kushtuka, kuota jinamizi, kukosa hamu ya kula, kukasirika bila sababu. Mara nyingi hupungua yenyewe. Yakipita mwezi mzima na bado, au ukianza kukwepa simu, kukwepa bahari, kumkwepa mwanao kwa sababu ana umri wa yule uliyembeba, hapo ni maradhi na yana tiba. Yapo matibabu ya kuzungumza yaliyotengenezwa kwa ajili ya kiwewe, ambayo mtaalamu hukupitisha kwenye kumbukumbu polepole hadi ipungue makali, na wengi hupona. Utaambiwa ni jini. Ukitaka kunywa kombe, maji yaliyooshea aya za Kurani, kunywa. Dua ni nguzo yangu pia na nisingefika hapa bila hiyo. Lakini nenda na kliniki. Kama unaogopa kuonekana ukiingia kliniki ya hapa mjini, na hofu hiyo naielewa mno, piga 1199, laini ya bure ya Msalaba Mwekundu wa Kenya, au panga miadi Malindi siku unapompeleka huko mgonjwa wa rufaa. Ikiwa umeanza kufikiria kujiua, usisubiri mwezi wala miadi. Mwambie mtu leo, na asikuache peke yako.

Mume wangu hajui habari za wagonjwa wangu na hazitaki. Anachojua ni alama. Nikisema "leo ilikuwa nzito", haulizi kitu. Tunakula, tunapanda darini kupunga upepo. Mwambie mwenzako mapema unataka nini siku kama hizo, kwa sababu siku yenyewe hutakuwa na maneno ya kumweleza.

Kwa wakubwa wa idara nina ombi moja ambalo sitachoka kulirudia: mhudumu aliyetoka kumpoteza mtoto njiani asipangiwe safari nyingine ndefu usiku unaofuata. "Hatuna watu" ni kweli, lakini mkimmaliza huyu mtakuwa na upungufu zaidi.

Na wewe unayefikiria kuacha, omba kuhamishwa kwanza. Pokea simu za dharura, fundisha huduma ya kwanza vijijini, simamia stoo ya vifaa. Kazi hizo zinahitaji mtu aliyewahi kukaa nyuma ya gari na mgonjwa. Nilikaa stoo kipindi kimoja na nikarudi kwenye boti kwa hiari yangu. Wengine hawakurudi na wako salama, wanafundisha. Ukiamua kurudi, chagua nahodha unayemwamini, na safari za mwanzo ziwe za mchana.