Siku Kumi za India

Mombasa, Kibokoni

Mwanangu,

Waalaykum salaam. Unauliza kama siku kumi za Disemba zatosha Delhi, Agra, Jaipur, Mumbai na Kochi. Hazitoshi. Utakuwa kama mtu avukaye Likoni akarudi na feri ileile bila kushuka, kisha akasema ameiona Pwani Kusini.

India ni zaidi ya mara tano ya Kenya. Delhi hadi Mumbai ni kama kilomita 1,400, karibu mara tatu ya hapa na Nairobi, na hata treni ya haraka hula usiku mzima. Toa siku ya kufika na ya kurudi, umebaki na nane. Basi zitie zote kaskazini: Delhi nne, Agra mbili, Jaipur mbili. Miji hii imekaa pembetatu, saa chache tu baina yao.

Kochi yaniuma kuikata, maana huko kusini ungeona bandari na pilipili manga ukadhani uko nyumbani. Iache kwa safari ya pili.

Agra usiende na kurudi siku moja. Ukungu wa kule mwisho wa Disemba na Januari huchelewesha treni saa nyingi, kwa hivyo nenda mapema mwezini, ulale hukohuko, uingie Taj Mahal alfajiri. Na usiende Ijumaa! Mimi na ami yako tulipomaliza matibabu yake tulijipa siku moja ya kutembea, tukafika langoni Ijumaa, kumefungwa. Kila Ijumaa hufungwa, na sisi Waislamu wawili hatukuwaza kuuliza. Tuliishia kuitazama Taj Mahal kutoka bustani ya ng'ambo ya mto Yamuna. Ami yako bado hunitania.

Tiketi ya treni nayo iangalie vizuri: wanaweza kukuuzia ya orodha ya kungoja, ukadhani una kiti.

Chanjo ya homa ya manjano dungwa si chini ya siku kumi kabla ya kuingia, na kadi yake usiitie kwenye begi la kupakia. Sisi tutokao Kenya huulizwa, na asiye nayo huweza kuwekwa karantini.

Mamako asema ubebe shali, Delhi ya Disemba si ya kanga.

Kabla hujalipa chochote, nitumie tarehe nihesabu Ijumaa zilizomo.

Babako