Embe ngowe "zinauzwa" au "yanauzwa"?

SWALI: Nauza matunda na miche kando ya barabara, Kilifi. Kibaoni nimeandika "Embe ngowe mbivu zinauzwa". Mwalimu mmoja kaniambia nifute, niandike "Maembe ya ngowe mabivu yanauzwa". Nifuate lipi? Na miche niiteje, miembe ngowe au mingowe?

JIBU: Usifute. Kiswahili sanifu huliweka embe katika ngeli ya LI-YA: embe bivu limeanguka, maembe mabivu yameanguka. Mtahiniwa aandike hivyo, asijitafutie balaa. Lakini wenyeji wengi wa pwani husema embe hii, embe hizi, na kibao chako kimefuata ngeli hiyo ya I-ZI mwanzo hadi mwisho: mbivu, zinauzwa. Kinachokera ni kuchanganya. "Maembe mbivu zinauzwa" haina kwao, na "embe bivu zinauzwa" ni nduguye.

Mwalimu ameteleza kwenye ile "ya". Jina la aina ya tunda hufuata tunda lenyewe bila a-unganifu (ya, la, za), wala halichukui ma-: maembe dodo, maembe ngowe, na kwenye ndizi, ndizi mzuzu, ndizi bokoboko. A-unganifu huja tunapotaja itokako embe au kazi yake. Embe ya Lamu. Embe za achari, zile mbichi ngumu zinazokatwa na kutiwa chumvi na pilipili. Embe ya mchuzi wa samaki, inayotiwa mbichi ili ilete ukali (hapo mimi sina subira na ndimu). Ngowe haikutajwa kwa kazi. Ni aina, tunda refu lenye ncha iliyopinda, nyama ya manjano iliyokolea na nyuzi chache sana, basi huliwa hivi hivi ikiiva.

Miche iite miembe ngowe. "Mingowe" utaeleweka sokoni, ila neno mwembe ndilo linalobeba mti wote. Tena miche mingi ya vitaluni ni ya kupandikizwa: chini shina la embe ya kienyeji iliyooteshwa kwa kokwa, juu kijiti kilichokatwa kwenye mti wa ngowe unaozaa. Mti huitwa kwa tunda litakalotoka juu, si kwa mizizi. Mteja akikuuliza "hii ni ya kienyeji au ngowe?", mwonyeshe kovu la kiungo, kisha mwambie asiache machipukizi yanayotoka chini yake.