Maswali yenu: simu za kawaida kwenye swichibodi ya ofisi

*Nilinunua simu ya kawaida ya mezani katika Luthuli Avenue, nikaichomeka mahali palipokuwa na ile simu kubwa ya mapokezi, lakini haina mlio wowote. Je, niliuziwa simu mbovu? – Karani, Industrial Area*

Kabla hujairudisha dukani, chunguza tundu ulilolichomeka. Simu ya kawaida hutumia waya mbili tu, ambazo mtambo (swichibodi inayounganisha simu za ofisi) huzipelekea umeme wa moja kwa moja (DC), kwa kawaida volti 24 hadi 48, na simu inapoitwa mtambo huongeza umeme wa kugeukageuka unaoweza kufika volti 90. Simu ya mapokezi yenye kioo na vitufe vingi haifanyi kazi hivyo: huwasiliana na mtambo kwa njia ya dijitali iliyobuniwa na mtengenezaji wake, na ndiyo maana tundu lake haliielewi simu yako, ingawa plagi inaingia bila shida. Kosa la kinyume ni baya zaidi, kwa sababu simu ya dijitali ikiwekwa kwenye laini ya kawaida inaweza kuharibiwa na umeme ule wa kuitia.

Ichukue simu yako uijaribu kwenye tundu la mashine ya faksi, kwa kuwa faksi hutumia laini ya kawaida. Ukisikia mlio hapo, simu ni nzima, na kilichobaki ni kumwomba fundi akupe laini ya ndani ya aina hiyo. Ipo mitambo inayokubali simu ya kawaida na simu maalumu ya mtengenezaji kwenye tundu moja. Mfano ni Panasonic KX-TES824, uliozoeleka katika ofisi ndogo, ambao huanza na laini 3 za nje na 8 za ndani na unaweza kupanuliwa hadi 8 na 24. Hapo simu ya kawaida hutumia waya mbili za katikati. Kwa hiyo muulize fundi aina ya tundu kwanza, ndipo uende kununua simu.

*Nikitaka kumhamishia mkubwa wangu mteja aliyepiga, simu hukatika. Nifanyeje? – Katibu, Upper Hill*

Bila shaka unabonyeza kwa kidole pale mkonga unapolala. Ukibonyeza hapo, umeme wa laini hukatika, na mtambo hupima muda wa kukatika huko: ukikatika kidogo, unaelewa kwamba unataka kuhamisha, ukizidi, unaamini kwamba umemaliza mazungumzo. Tumia kitufe chenye herufi R au neno FLASH, kisha piga namba ya ndani ya mkubwa wako na umweleze kabla ya kukata. Kama bado simu inakatika, au mtambo hauitikii kabisa, muda wa simu na wa mtambo haulingani. Simu zilizotengenezwa kwa soko la Uingereza na Ulaya mara nyingi hutumia milisekunde 100, na za Marekani takriban 600. Fundi anaweza kuurekebisha muda huo kwenye mtambo. Hakikisha pia kwamba swichi ndogo ya simu iko upande wa TONE (kupiga namba kwa milio), si PULSE (kwa mapigo ya umeme).

*Ofisi yetu imehamia simu za intaneti. Je, simu zetu za zamani tuzitupe? – Meneja, Westlands*

Msizitupe. Nunueni adapta inayounganisha simu za kawaida na mfumo wa intaneti, ile yenye matundu yaliyoandikwa FXS, yaani ya kuchomekea simu. Yale yaliyoandikwa FXO ni ya kupokea laini ya nje, na wauzaji wengi huyachanganya. Naziona simu hizi zikifaa sana kwa mlinzi wa lango na kwa stoo, mahali ambapo simu ya gharama kubwa hupata vumbi na kuangushwa. Ila msiichomeke simu ya kawaida moja kwa moja kwenye tundu la mtandao wa kompyuta, wala msichomeke kompyuta kwenye laini ya simu.

*Stima ikipotea, simu ya kawaida itaendelea kufanya kazi? – Msomaji, Ngara*

Itaendelea iwapo mtambo una betri ya akiba, kwa sababu simu hupata umeme wake kutoka kwenye mtambo. Baadhi ya mitambo pia huiunganisha simu moja ya kawaida moja kwa moja na laini ya nje ya waya umeme unapokatika. Simu ya dijitali haiwezi kutumiwa kwa njia hiyo, basi muulize fundi ni namba gani ya ndani iliyotengwa, uweke hapo simu ya kawaida.