Tangi la furu nyumbani: pesa ya kwanza iende kwenye hewa

Wengi wanaoniuliza kuhusu tangi la samaki hapa Mwanza huanzia kwenye taa na mapambo. Mimi nafuga furu, samaki wa ziwa letu wenyewe, na nasisitiza jambo moja: anza na chujio na hewa, mengine yatafuata.

Madume ya furu wa mawe hugombania eneo, kwa hiyo usiwabane. Mwambie fundi vioo akutengenezee tangi la urefu wa mita 1, upana na kimo sentimita 40. Hizo ni lita 160, yaani kilo 160 za maji kabla hujaweka jiwe hata moja. Chomelesha meza ya chuma. Kabati la televisheni halitahimili.

Chujio langu ni sponji mbili kubwa zinazoendeshwa na pampu ya hewa. Ndani yake huishi bakteria wanaogeuza amonia itokanayo na kinyesi kuwa nitriti, kisha nitrati, ambayo sumu yake ni ndogo. Huchukua kama wiki 4 hadi 6 kuenea. Washa tangi bila samaki, tupia chakula kidogo kidogo, usubiri mpaka amonia ipande, kisha yenyewe na nitriti zisome sifuri kwenye kipimo cha maji. Sponji ikiziba, ikamulie kwenye maji uliyoyatoa tangini. Maji ya bomba yana klorini, nayo huwaua bakteria hao.

Umeme ukikatika, samaki na bakteria hukosa oksijeni kwa pamoja. Pampu ndogo ya volti 12 iliyofungwa kwenye betri ya sola kwangu ni ya lazima kuliko taa. Ziweke pampu zote juu ya usawa wa maji, yasije yakarudi kwenye mpira zikizima.

Hita? Pima kwanza. Maji yakishuka chini ya nyuzi 22 usiku, ndipo ununue.

Mawe Mwanza tumejaliwa. Yasugue, yaanike juani mpaka yakauke kabisa, kisha uyakalishe juu ya kioo cha chini kabla ya kumwaga mchanga, maana furu huchimba na jiwe huanguka. Maji ya ziwa na konokono wake usilete nyumbani: kichocho hupitia humo.

Taa iwe nyeupe ili rangi za samaki zionekane vizuri, na nina sababu. Kuna furu aliyepewa jina la Mwalimu mwaka 1985, Pundamilia nyererei, ambaye dume lake lina mgongo mwekundu. Ndugu yake, Pundamilia pundamilia, ana dume la bluu. Watafiti wa miaka ya 1990 katika visiwa vya huku kwetu waligundua kwamba majike huchagua dume kwa rangi yake, na maji yanapokuwa na tope aina hizo huchanganyika. Sangara walishawamaliza furu wengi miaka ya 1980. Tafadhali, aina hizi mbili usiziweke tangi moja. Kabla ya kuvua, pita ofisi ya uvuvi uulizie kibali.

Nunua pia sponji ya tatu mapema, uiache ikifanya kazi kwenye tangi kubwa. Jike hutunza mayai mdomoni kwa wiki mbili hadi tatu, na siku utakapomwona amefumba mdomo hataki kula, utamhamishia kwenye tangi dogo lenye sponji ambayo tayari ina bakteria.