Maswali ya wasomaji: Gesi inanuka kidogo tu, nikaze mwenyewe?

SWALI: Habari za kazi dada. Mi naishi Bweyogerere, karibu na Kampala, kwenye mizigo, yaani vile vyumba vya kupanga, tumepangana mstari mmoja na majirani, na napikia gesi ya mtungi wa kilo 13. Siku hizi asubuhi nikiingia jikoni nasikia kaharufu, nikianza kupika sikasikii tena. Kaka yangu yuko Dar es Salaam, yeye ana gesi ya bomba yenye mita ukutani, na kwake pia kulikuwa kunanuka pale kwenye mita, akakaza nati na spana ikapungua. Sasa ananiambia hiyo ni kawaida, nikaze na mimi alafu nipitishe kibiriti nione kama imeacha. Nifanye hivyo? – Mama Rehema

JIBU: Mama Rehema, kibiriti hapana, tafadhali sana, na kaka yako mpigie leo leo aache hiyo spana. Nianze na wewe.

Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi, inashuka inatambaa sakafuni kama maji na inapita chini ya mlango. Na mizigo tunaijua, jirani ameshaweka sigiri verandani tangu alfajiri, makaa yamekolea, maharage yanachemka, sasa gesi yako iliyojikusanya usiku kucha inatoka polepole inakutana na moto ambao wewe hata hukuuwasha. Ikifika kama asilimia 2 tu ya hewa ya pale inashika. Ndo maana hilo neno "kidogo" mi silikubali kabisa, kidogo cha usiku mzima na dirisha limefungwa si kidogo tena. Alafu pua inazoea, ukikaa humo muda unadhani imeisha kumbe bado ipo, na ukianza kupika harufu ya vitunguu inaifunika.

Kwa hiyo asubuhi ukisikia harufu usiguse swichi, si ya kuwasha si ya kuzima, zote zinatoa cheche, taa iliyowaka iache iwake. Funga mtungi pale juu, fungua mlango na dirisha, toa watoto, waambie majirani wasiwashe kitu. Simu piga ukiwa nje mbali. Ila harufu ikiwa kali au ukasikia inapiga ssss usiingie hata kufunga, tokeni wote mpige 999 au 112.

Harufu ikishaisha kabisa na hakuna moto karibu, hata wa jirani, ndo utafute inapotokea. Koroga sabuni ya unga na maji kidogo mpaka povu liwe zito, upake na sponji pale regulata inapokaa, kwenye klipu za mpira ncha zote mbili, na mpira wenyewe kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Jiko liwe limezimwa, fungua mtungi alafu tazama bila haraka. Panapovuja utaona kapovu kanavimba kanapasuka, kanazaliwa kengine palepale. Ukishaona funga tena. Mara nyingi ni kale karaba ka kwenye mdomo wa mtungi kamekauka, au mpira umechanika pale kwenye klipu. Mpira unanunua mpya, sio kufunga selotepu wala kipande cha chubu ya boda. Lakini povu likitoka kwenye valvu ya mtungi wenyewe hiyo si kazi yako wala ya fundi wa mtaani, mtungi usimamishe wima nje kwenye upepo, mbali na moto na mtaro, alafu umrudishie aliyekuuzia.

Sasa kaka. Gesi yao inayochimbwa Songo Songo na Mnazi Bay, kusini mwa Tanzania, ni gesi asilia, nyepesi kuliko hewa, inapanda. Mita ikiwa nje wazi nyingi inapeperuka, hapo ana afadhali, lakini kama iko kwenye kabati au chini ya dirisha inajaa au inaingia ndani. Na ile gesi yenyewe haina harufu, harufu ya yai bovu inawekwa makusudi ili watu washtuke, kwa hiyo mita kunuka si kawaida hata siku moja. Ile nati ndani ina washa, kale kapete ka kuzibia gesi, ukiikaza kwa nguvu unaiponda au unapinda bomba, leo imepungua kesho inafunguka zaidi, na mita yenyewe ni mali ya kampuni. Kabla ya mita kuna koki, akiigeuza mpaka mkono wake ukae kukatisha bomba, imefungwa. Aifunge kama inafikika bila hatari, atoke, apigie kampuni akiwa nje, na awaambie kabisa kwamba alikaza, wasije wakapima sehemu nyingine wakaiacha hiyo. Koki wafungue wao wakishapima.