Mbawakawa wapo, mbona magugu maji hayaishi?

SWALI: Mwaka jana mbawakawa wa kula magugu maji waliachiwa kwenye ghuba yetu, Ziwa Viktoria. Mwalo bado umezibwa na magugu. Tupige dawa? Na hawatahamia kwenye mahindi? – Mvuvi, Homa Bay

JIBU: Mwaka mmoja ni mapema mno. Toka yai hadi mdudu mkubwa ni kama miezi 3, na nafuu huonekana baada ya miaka 2 hadi 5. Palipo na majitaka ya mji, zaidi, kwa kuwa magugu yaliyoshiba mbolea huota haraka kuliko yanavyoliwa.

Kagua majani. Vidonda vidogo vya kahawia, kama vimeparuzwa kwa ukucha, ni vya mbawakawa wakubwa, wenye milimita 4 au 5, ambao mchana hujificha kwenye kitovu cha mmea. Kisha pasua kikonyo: ukikuta mfereji wa kahawia na funza mweupe asiye na miguu, yaani mtoto wa mbawakawa, umemwona muuaji hasa. Maji huingia humo, mmea ukaoza.

Dawa hapana, mmea ukizama ghafla, funza huzama nao. Vuneni magugu ya njia ya mitumbwi tu.

Mkitaka kuwaongeza, hamisheni mimea mizima ikiwa mibichi, mizizi isikatwe, maana vifuko vya funza wanaogeuka kuwa mbawakawa hushikamana nayo. Ipachikeni katikati ya magugu mazima, pasipo upepo. Kisiwa cha magugu kikisukumwa na upepo, wadudu nao wamekwenda.

Mahindi? Ondoa hofu. Mbawakawa hawa wa Amerika Kusini, kitaalamu Neochetina, hawazaliani bila magugu maji.